Unguja kwa maji: nikiwafuata chunusi, silikanti na nguva

Jumamosi: Dar es Salaam hadi Mjini

Simulizi hii nimeipanga nyumbani Tanga, kwa kutumia daftari la njiani na picha za simu, kwa hiyo msomaji asishangae akikuta siku moja imeandikwa kwa urefu na nyingine imepitwa kwa sentensi. Nilikwenda Unguja kufuata habari za viumbe wa majini wanaosimuliwa pwani nzima: chunusi anayewavuta watu chini, nguva anayesemwa kuwa nusu mtu nusu samaki, na samaki wowote wa ajabu ambao mvuvi amewaona na hakusadikiwa. Sikwenda kubishana na wasimulizi. Nilitaka kujua, kwa kila habari, kama nyuma yake kuna kitu kinachoweza kushikwa, kupimwa au kupigwa picha.

Sisi wa Tanga tuna sababu ya kutowacheka wavuvi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyavu za jarife zinazotegwa kwenye kina kirefu kwetu zimekuwa zikimpandisha silikanti, samaki ambaye wataalamu walimjua kwa visukuku tu na wakaamini kwamba alitoweka pamoja na dinosauri. Imani hiyo ilivunjika 1938, alipovuliwa mmoja karibu na East London, Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji huo akamtambua kuwa si wa kawaida katikati ya shehena ya samaki. Kwa hiyo mvuvi akiniambia ameona kitu kisichomo vitabuni, jambo la kwanza ninalofanya ni kumuuliza kilikuwa kina cha pima ngapi.

Boti ya saa moja asubuhi iliondoka saa mbili na nusu bila abiria kuelezwa sababu. Tiketi ya daraja la kawaida nilinunua kwa shilingi 35,000, na kitambulisho kinatazamwa, basi kisiwe chini ya begi. Nje ya bandari bahari ilikuwa na mawimbi mafupi ya kaskazi, na nilipoanza kubadilika rangi, bibi mmoja wa Kipemba aliyekaa kiti cha pili alinipa ndimu iliyokatwa, akasema, "Nusa, mwanangu, usiitazame sakafu, tazama mbali." Nilifika bandari ya Malindi, hapo Unguja Mjini, nikiwa mzima.

Jioni nilikula urojo wa shilingi 3,000, kisha nikatembea ukingoni mwa bandari, kwa sababu habari ya silikanti inapita hapohapo. Baada ya yule samaki wa 1938, ambaye viungo vya ndani vilikwisha kuoza kabla mtaalamu hajafika, Profesa J.L.B. Smith alitafuta wa pili kwa miaka kumi na minne. Alichapisha tangazo lenye picha ya samaki kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, akiahidi zawadi ya pauni 100. Mwaka 1952 yeye na mkewe Margaret walikutana hapa Zanzibar na Eric Hunt, nahodha wa jahazi la biashara aliyekuwa akienda Komoro, naye akachukua matangazo hayo. Mwezi Desemba mwaka huohuo samaki akapatikana kisiwa cha Nzwani, hukohuko Komoro, na ikabainika kwamba wavuvi wa huko walikuwa wakimnasa mara mojamoja miaka yote na wana jina lake, gombessa. Kilichokosekana muda wote huo ni sababu ya mtu yeyote kumpeleka kwa mtaalamu, kwani nyama yake ina mafuta mengi na haina soko.

Jambo hilo la bei lilinifuata safari nzima.

Jumapili: Mangapwani

Daladala la Mangapwani linapita Bububu na kuendelea kaskazini kama kilomita 20 kutoka mjini. Vituo vya magari mjini vimebadilishwa mara kadhaa, hivyo ni vyema kuulizia asubuhi kabla ya kubeba mizigo. Nauli haikufika shilingi 2,000, na kipande cha mwisho nilikwenda kwa bodaboda kwa shilingi 1,000.

Watu wengi hufika Mangapwani kwa ajili ya chumba cha watumwa kilichochimbwa ufukweni, lakini mimi nilikwenda kwenye pango la matumbawe lenye maji baridi. Inasimuliwa kwamba liligunduliwa na mtoto mtumwa wa Hamed bin Salim el-Harthy, aliyekuwa akitafuta mbuzi aliyepotea akamsikia akilia chini ya ardhi. Ngazi ni za mawe na zina utelezi. Vaa viatu vyenye kushika na chukua tochi halisi, kwa maana mwanga wa simu haufiki mbali.

Chini kuna kidimbwi. Mizizi ya mti ulio juu imeshuka kupitia ufa wa dari hadi imegusa maji. Pembeni, juu ya jiwe bapa, palikuwa na chetezo kilichopasuka ukingo, majivu ya ubani, kitambaa chekundu kilichofungwa fundo na chupa tupu ya marashi, na ndani ya maji, karibu na ukingo, sarafu ziling'aa. Kijana aliyeniongoza alishusha sauti tangu tulipofika ngazi ya mwisho. "Humu hatupigi mluzi, mwalimu," aliniambia. "Na ukitaka kuchota maji, unapiga hodi kwanza."

Alinisimulia habari ya msichana aliyekuja kuteka maji peke yake jioni, akashikwa mkono na chunusi, na ndoo ikakutwa imeelea. Nikauliza alikuwa binti wa nani. Hakujua. Zamani gani? Kabla ya babu yake. Tulipopanda juu tukapewa madafu na mama mmoja aliyekataa katakata kupokea pesa kwa kuwa, alisema, mgeni halipii maji ya siku ya kwanza. Naye alikuwa na habari ileile, msichana, jioni, ndoo inayoelea, ila kwake ilitokea kisimani katika kijiji cha mamake. Sikumwambia kwamba mimi mwenyewe nimeisikia utotoni Pangani.

Nilikaa kwenye kivuli nikiandika ni nini kingehitajika ili kumpata mnyama katika dimbwi kama lile, na kwa kweli si kingi. Kila kiumbe kinachoishi majini huacha ngozi, ute na kinyesi, na ndani ya vitu hivyo mna DNA inayoweza kusomwa kutoka kwenye maji yenyewe. Njia hiyo imetumiwa katika ziwa maarufu kuliko yote kwa habari za namna hii, Loch Ness la Uskoti. Picha iliyowashawishi watu wengi, ya shingo ndefu ikitoka majini, ilichapishwa 1934, na miaka sitini baadaye ikajulikana kuwa ilitengenezwa kwa nyambizi ya kuchezea iliyopachikwa kichwa. Mwaka 2018 Neil Gemmell wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, alikusanya na wenzake sampuli za maji kutoka sehemu na vina mbalimbali vya ziwa lile, na matokeo ya 2019 yakaonyesha DNA nyingi ya mikunga na hakuna hata chembe ya mtambaazi mkubwa. Ikiwa ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 30 linaweza kuulizwa hivyo, dimbwi la Mangapwani lingejibu kwa chupa moja ya maji. Lakini chunusi anaposimuliwa hatajwi kama mnyama. Anatajwa kama mwenyeji, na hodi ile hupigiwa mwenyeji. Maabara haina kipimo cha mwenyeji.

Hata hivyo kuna sehemu moja ya habari zake inayopimika, nayo ni mahali. Wavuvi niliowauliza jioni ufukweni walinitajia sehemu tatu ambapo chunusi "yumo," na zote ni mianya ya mwamba ambapo maji yaliyoingia juu ya tumbawe hurudi baharini kwa nguvu wakati wa kupwa, hasa siku za bamvua, ambapo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Mgeni anayetaka kuogelea asiipuuze orodha kama hiyo kwa sababu imeletwa na jina la jini. Ukishikwa na mkondo wa kurudi, usishindane nao. Ogelea sambamba na ufuko hadi utoke kwenye mkondo, kisha ndipo urudi nchi kavu.

Jumatatu na Jumanne: Nungwi

Nilirudi mjini na kupanda gari namba 116. Njia ni nzuri, gari lilijaa hadi mlangoni, na sina la kuandika zaidi ya kwamba konda alimpakata mtoto wa watu kuanzia Mahonda hadi mwisho wa safari.

Kabla ya kuuliza chochote nilikwenda kwa sheha, kisha kwa bwana diko, msimamizi wa diko, yaani pwani wanaposhushia wavuvi samaki, ambaye ndiye anayejua nani anavua kwa mtego gani na nani amelala kwa sababu alirudi alfajiri. Bila hatua hizo mbili utaonekana mpelelezi wa nyavu haramu na hutaambiwa kitu.

Nilikuwa na picha nilizozifunika kwa plastiki: chewa, taa, papa, kasa, ng'amba, pomboo, nguva na silikanti. Katikati niliingiza nyangumi mwenye pembe ndefu wa bahari za barafu, ambaye hawezi kuonekana Nungwi. Sikutaja jina la mnyama yeyote; niliuliza tu kama anajulikana, alionekana wapi, lini na kwa mtego gani. Kijana mmoja mchangamfu alisema yule mwenye pembe amemwona mara mbili. Wenzake walicheka, naye akacheka. Sikumwona kuwa mwongo. Mgeni ametoka mbali, ametoa picha, anataka kuambiwa ndiyo, na adabu ya pwani ni kutomrudisha mgeni mikono mitupu. Anayefanya kazi hii bila picha ya namna hiyo hataweza kutofautisha ushahidi na ukarimu.

Mzee aliyenisaidia zaidi alikuwa akishona jarife chini ya mkungu, sindano ya mti mkononi, vidole vyake vikipima jicho la wavu bila yeye kulitazama. Alizipitia picha polepole. Kwa yule mwenye pembe alisema, "Huyu si wa kwetu," akamweka kando. Kwa silikanti alisimama.

"Huyu sikumvua mimi. Wamemvua watu ninaowajua."

Habari hiyo ina maandishi. Mwezi Julai 2007 wavuvi wawili walimnasa silikanti nje ya ncha ya kaskazini ya Unguja, mwenye urefu wa mita 1.34 na uzito wa kilo 27, na wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo iko Zanzibar tangu 1978, wakamtambua. Nilipomuuliza mzee kama huenda walikuwapo wengine kabla ya huyo, alivuta uzi, akaukata kwa meno, ndipo akajibu.

"Baba, kitu usichokijua hukileti pwani. Kitakula nafasi ya samaki, na dikoni hakina bei. Unakirudisha."

Alisema hivyo bila kujua chochote kuhusu pauni 100 za 1952, nami nikamsimulia. Alifurahi sana, akauliza kama zawadi hiyo bado ipo.

Siku ya pili nilikwenda Mnarani, kwenye bwawa la asili linalojazwa na maji ya bahari, ambako kasa wamekuwa wakitunzwa tangu miaka ya 1990. Kiingilio hutofautiana kwa wenyeji na wageni, kwa hiyo onyesha kitambulisho. Nilitaka kutazama jambo moja: kasa akitoa kichwa kuvuta pumzi, ukiwa juu ya daraja unamwona mzima chini ya maji, lakini ukichuchumaa hadi macho yako yawe karibu na usawa wa maji, linabaki umbo jeusi lenye shingo, bila kitu jirani cha kulilinganisha, na ukubwa wake unakuwa vile utakavyo wewe. Nilimwomba mlinzi akisie upana wa kasa aliyekuwa upande wa pili, kisha kasa akaja, naye mlinzi akamlisha mwani karibu yangu. Alikuwa amekisia karibu mara mbili ya upana wake halisi, na huyo ni mtu anayewaona kila siku.

Usiku, kwa wali na mchuzi wa changu wa shilingi 6,000, wenyeji wangu walizungumza habari ya Aprili 2006, wakati mamia ya pomboo yalipokutwa yamekufa ufukweni kati ya Kendwa na Nungwi. Nilitarajia kusikia habari za majini, lakini hakuna aliyeyataja. Mizoga ilikuwepo mbele ya macho, watu waliihesabu na wataalamu waliikata kutazama matumbo, na ubishi wote uliobaki ni juu ya sababu: sauti za manowari, sumu, au kundi kupotea kwenye maji machache.

Jumatano

Siku ya magari: Nungwi hadi mjini, mjini hadi Chwaka, mvua ya ghafla Dunga, na begi langu kulowana juu ya kibebeo.

Alhamisi: Chwaka

Ghuba ya Chwaka ikipwa, hasa bamvua, unaweza kutembea kwa muda mrefu kabla maji hayajafika magotini, na chini ya miguu ni majani ya bahari yaliyotandaa kila upande. Samaki aitwaye tasi anakula humu, na hapa ndipo mahali pa kuulizia nguva, kwa kuwa chakula chake ni majani hayohayo.

Nguva ni mnyama halisi, si hadithi. Hufika urefu wa mita tatu na uzito wa kilo 400, huvuta hewa kama sisi, huzaa mtoto mmoja kwa kila miaka mitatu hadi saba, na chuchu zake ziko chini ya mapezi ya mbele, yaani karibu na kwapa. Mtu akimwona kwa mbali akiwa na mtoto kifuani, haihitaji uongo ili habari ya mwanamke wa baharini ianze. Mzee mmoja alinieleza pia kiapo ambacho zamani walilishwa wavuvi waliomleta nguva sokoni, lakini maneno yake hayafai kuandikwa mahali wanaposoma watoto.

Nahodha wa ngalawa alinipeleka ghubani kwa shilingi 25,000 kwa nusu siku, akiendesha kwa pondo penye maji haba. Tulitafuta mifereji mirefu ambayo nguva huiacha anapong'oa majani pamoja na mizizi. Tulikuta vijia vya nanga, mashimo ya wachimba chaza na madema mawili yaliyosahauliwa. Nguva hatukumwona wala dalili yake, na nahodha, ambaye yuko majini tangu mtoto, alisema waziwazi kwamba hajawahi kumwona hai humu. Babu yake, ndiyo.

Tuliporudi alinipeleka nyumbani kwa shangazi yake. Bi mkubwa huyo alitusubirisha, akatupa chai ya mchaichai na mkate wa kumimina, akaniuliza wazazi wangu ni wa wapi na kama wangali hai, na baada ya yote hayo ndipo akamtuma mjukuu ndani. Mtoto alileta kwa mikono miwili mfupa uliopinda, mrefu kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, wenye rangi ya chai ya maziwa na uliolainika katikati kwa kushikwa. Nilipoupokea mkono wangu ulishuka. Ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Ncha moja ilikuwa imekatwa kwa msumeno, na mahali ambapo ningetarajia tundu la uboho au vitobo vya mfupa wa nyangumi, palikuwa pameziba kabisa, pagumu na laini.

Hivyo ndivyo mbavu za nguva zilivyo. Uzito huo humsaidia kukaa chini anapokula, na ni vigumu kuuchanganya na mfupa wa pomboo. Niliupiga picha kwenye mkeka, rula pembeni, pande zote na hasa ile ncha iliyokatwa. Mikwaruzo ya kisu ubavuni ilikuwa ya dawa. Walikuwa wakiukwangua unga. Sikuomba kuununua wala kipande chake, na ninamshauri yeyote atakayeonyeshwa kitu cha namna hiyo asitaje bei, kwa sababu nguva analindwa na sheria, na bei ikishatajwa, mifupa mingine itatafutwa.

Sheria hiyo imeleta shida nyingine kwa anayetafuta ushahidi. Silikanti alitupwa kwa kuwa hakuwa na bei. Nguva akinaswa leo kwenye jarife kwa bahati mbaya, mvuvi anaogopa, na mnyama huliwa kimyakimya na mifupa kuzikwa. Chwaka nilijibiwa mara nyingi "zamani," na sikuweza kujua ni zamani gani inayomaanisha nguva wamekwisha na ni ipi inayomaanisha nisiulize zaidi.

Nilimuuliza bi mkubwa marehemu mumewe aliupata wapi. "Dago," alisema. Alikuwa akienda dago, yaani kambi za uvuvi za mbali, miezi mingi, Kojani, Tumbatu, hadi Mafia, na aliporudi na ule mfupa hakusema ni wa wapi, naye hakuuliza, kwa kuwa alikuwa ameleta pia papa mkavu wa kutosha msimu mzima. Ushahidi mzuri kuliko wote niliouona Unguja, basi, huenda haukutoka Unguja. Bahari ya Mafia, Kilwa na delta ya Rufiji ndiyo sehemu ya Tanzania ambako nguva wameendelea kuripotiwa.

Ijumaa na Jumamosi: kurudi

Ijumaa ngalawa hazikutoka hadi baada ya sala, na ofisi nazo zilifungwa mapema. Anayepanga safari aiache siku hiyo wazi. Niliitumia kuandika majina ya sehemu na kuwaachia nahodha na bwana diko karatasi moja ya maelekezo: mkinasa kitu msichokijua, kipigeni picha mkiweka kasia au sahani pembeni ili kipimo kionekane, andikeni kina, saa na aina ya wavu, kateni kipande kidogo cha nyama mkiweke kwenye spiriti, kisha mpige simu Taasisi ya Sayansi za Bahari. Nahodha aliuliza nani analipa spiriti. Nilimwachia chupa moja, shilingi 4,000.

Picha za mfupa nilimtumia rafiki anayesomea wanyama wa baharini. Alijibu kwamba ubavu ni wa nguva, ila picha haiwezi kusema ni wa bahari ipi. Mjukuu wa bi mkubwa naye amenitumia ujumbe: mwenzake babu yake wa dago yu hai, anakaa Kilindoni, na kumbukumbu yake ni nzuri. Boti ya Mafia huondokea Nyamisati, nami nitakwenda baada ya Idi.